Maswali yenu: Tele iko nyuma, ruta iko mbele, chini ni volkano tupu

SWALI: Jambo sana kaka. Niko huku Goma, Katindo. Ruta iko kwa nyumba kubwa, sisi tunakaa aneksi ya nyuma, kama mita 15 hivi. Tele yetu ni ya zamani, haina wifi, ila nyuma yake naona tundu la kabo ya ruta na HDMI mbili. Fundi alitaka kuchimba apitishe kabo, siku ya kwanza tu akavunja mpini wa sururu, sasa anasema aipitishe juu ya mabati. Baba watoto amekubali, mimi naogopa radi. Hakuna njia ingine? (Mama wa watoto 4)

JIBU: Mama, uko na haki kabisa. Kivu yetu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na kabo ndefu ya nje, radi ikipiga hata pembeni tu, inaweza kuunguza ruta na tele pamoja. Na huyo fundi pole yake, Goma tumejenga juu ya lava, hapa hatuchimbi, tunapasua mawe.

Kabla ya kununua kitu, chukua simu yako uende usimame pale pale tele ilipo, siyo mlangoni, ufungue video kwa wifi ya ruta. Ikitembea dakika kumi bila kukwama, basi nunua kile kijiti cha HDMI chenye wifi ndani, unakichomeka nyuma ya tele, imekwisha. Kipe chaja yake, sababu tundu la USB la tele za zamani mara nyingi halitoi nguvu ya kutosha na kijiti kinajizima-zima, halafu watu wanasema ni kibovu.

Simu ikikwama, angalia ruta yenyewe. Mimi nilihangaika wiki mbili nikilaumu watu wa koneksyo, kumbe mke wangu alikuwa ameiweka ndani ya kabati la chuma ili watoto wasiiguse! Chuma na mabati vinazuia wifi, ukuta mnene wa mawe ya volkano unaipunguza sana, ubao inapita bila shida. Kwa hiyo iweke juu, karibu na dirisha linaloangalia aneksi, na utumie ile wifi ya 2.4 GHz, siyo ya 5, maana ya 5 inakimbia lakini ikifika kwenye ukuta inachoka haraka.

Bado? Tafuta repetere (kifaa cha kurudia wifi) yenye tundu la kabo. Inashika wifi hewani halafu unaiunganisha na tele kwa kabo fupi ya mita moja, hata dekoda na mashine ya michezo zinakubali. Ila iweke pale ambapo simu bado inaona wifi vizuri, ukiiweka mahali pasipo na wifi itarudia nini sasa?

Na hili wengi hawalijui: wifi siyo intaneti. Kama filamu ziko kwenye kompyuta yako, unaweza kuzituma kwa tele kupitia ruta, kwa mfano na programu ya VLC, na hautakula mega hata moja, kwani haziendi nje ya nyumba. Lakini ukiangalia moja kwa moja kutoka intaneti kwa HD, unahitaji kasi ya kama megabiti 5 kwa sekunde, na saa moja inaweza kumaliza giga 3, kwa hiyo watoto 4 na likizo hii… utajua mwenyewe.

SWALI: Bafle yangu ya Bluetooth inahitaji ruta? (Kijana, Birere)

JIBU: Hapana, inaongea na simu moja kwa moja. Usizidishe mita 10 tu, na usiku punguza sauti, majirani wa Birere nawajua.