Kaka alianguka na boda, sasa si yule tena

SWALI: Habari za kazi. Kaka yangu alipata ajali ya boda mwaka juzi, hakuvaa helmeti, kichwa kikagonga lami akalazwa wiki tatu. Amepona, anaongea vizuri, hesabu anapiga, wote anatukumbuka. Shida ni tabia. Alikuwa mpole mpaka tunamtania, siku hizi anatukana mbele ya wazee, hela ya asubuhi jioni imeishia kwenye kubeti. Shangazi anasema karogwa, wifi anasema hiyo ndo rangi yake halisi imetoka na anataka kurudi kwao. Nishike lipi?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Pole sana dada. Sijamuona kaka yako kwahiyo siwezi kusema ana nini, ila usishike la shangazi wala la wifi kwanza. Tunasema tabia ni ngozi, mi naona aliyesema hivyo hajawahi kuuguza mtu aliyeumia kichwa.

Tarehe 13 Septemba 1848 huko Vermont, Marekani, nyapara wa reli anaitwa Phineas Gage, kijana wa miaka 25, alikuwa anashindilia baruti kwenye mwamba kwa mtarimbo wa kilo kama 6, baruti ikalipuka, mtarimbo ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa! Walimpeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe amekaa kabisa. Ila daktari wake, John Harlow, akaja kuandika kwamba yule nyapara wa kutegemewa kawa mtu wa matusi, hana subira, anapanga jambo halafu kabla halijaanza kashaliacha, waliomwajiri wakamkataa na rafiki zake wakasema huyu si Gage tena.

Sasa huyo nani kamroga? Kilichoumia ni ubongo wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ndo breki zetu hizo, ndo unaokwambia subiri, hilo usiseme, hiyo hela ni ya kodi. Kumbukumbu na lugha zinategemea zaidi sehemu nyingine, ndo maana mtu anaweza kupiga hesabu safi kabisa halafu akamtukana babu yake. Na ajali ikitikisa kichwa hiyo sehemu ya mbele inaumia kirahisi, maana ubongo unajigonga kwenye fuvu na mfupa wa chini kule mbele una kingo kali, hata kama aliangukia kisogo.

Lakini wengi wanakatisha kisa hapo, na utamu uko mbele. Mwaka 1852 Gage akaenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria miaka kama saba, kazi ya ratiba ileile kila siku, na kuna wataalamu wanaoamini ratiba ile ndo ilimrudisha kwenye mstari. Alifariki 1860 baada ya kushikwa na degedege.

Kwahiyo kaka apangiwe siku yake, kuamka, kazi, kula, kulala, saa zilezile. Pombe hapana. Hela ashike mtu mwingine, apewe kidogo kidogo, mkiweza iwe kwa makubaliano asione kama kanyang'anywa. Akianguka degedege au kichwa kikizidi kuuma msingoje. Na mpelekeni kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, hospitali ya rufaa, ila wifi awepo chumbani, asisimuliwe, ayasikie mwenyewe kutoka kwa daktari kabla hajafunga mizigo.