Karte ya sauti na ya rezo kugombana kwenye Linux

Kaka, hiyo mashini ya zamani uliyonunua Birere usiitupe bado. Kama rezo inakufa kila ukifungua muziki, karte zako mbili zinagombania IRQ moja (laini karte inatumia kuita prosesa), na mashini za wakati ule ziko na IRQ 16 tu, 0 mpaka 15, tena karte ya ISA (aina ya sloti ya zamani) haijui kushea. Ingia mu BIOS (menyu ya mipangilio ya mashini, inafunguka mbele Linux haijawaka), tafuta "PnP OS Installed" weka No, juu ukiacha Yes BIOS inaachia mfumo kazi ya kugawa IRQ na Linux ya zamani inachanganyikiwa (mimi ilinikesha siku mbili hapa Goma). IRQ 5 uiwekee "Legacy ISA" (ibakie ya karte ya ISA tu) kama karte ya sauti njo inaitumia. Sevu, washa tena, usome faili /proc/interrupts, uone kama kila karte iko na IRQ yake. Ikikataa, hamisha karte ya PCI (aina ya sloti iliyokuja nyuma ya ISA) kwa sloti ingine.