Maintani wapya wa wodi ya upasuaji, msikimbilie kutoboa sisti ya kongosho

Wadogo zangu madaktari mnaoanza rotesheni hapa Mombasa, najua siku skani ikirudi imeandikwa sisti ya kongosho, yaani kifuko cha maji kwenye kongosho, mtachangamka wote, kila mtu anataka kuona kamera ikishuka na maji yakitolewa bila kisu. Ni kazi nzuri kweli. Lakini nyinyi hamtoboi, kazi yenu ni kujua ile sisti imetokana na nini na ina umri gani, na hapo ndo mambo huharibika au hutengenea.

Sisti nyingi tunazozitoa maji ni zile bandia, zinakuja baada ya kongosho kufura, na sababu kubwa ni pombe na mawe ya nyongo, au mtu ameumia tumbo, kwa mfano mtoto kaangukia usukani wa baiskeli. Sasa wewe muulize kijana wa Likoni kama anakunywa mnazi na mamake amekaa pale kando na leso yake, atakwambia "hapana daktari" nawe utaandika hapana. Mwambie mama kwa adabu, "bi mkubwa, hebu tupishe kidogo", halafu uliza tena. Wengine watakwambia ni alsa tu, vidonda vya tumbo, wamemeza omeprazoli ya kupunguza asidi miezi na miezi, ati. Tafuta yale maumivu makali ya juu ya tumbo yaliyopenya mpaka mgongoni na matapishi, yalianza lini? Tarehe hana, ila atakwambia ni kumi la mwisho la Ramadhani, au skuli zilipofungwa, basi fungua kalenda ya simu uhesabu wiki.

Maana ukuta wa sisti unataka kama wiki 4 kukomaa, ukiitoboa kabla ni kama kupigilia msumari kwenye ukuta wa udongo mbichi, maji yatavuja nje, yasambae kati ya viungo vya tumbo. Ile sheria ya zamani ya kwamba ikifika sentimita 6 na wiki 6 lazima itolewe, wachaneni nayo, siku hizi tunaangalia dalili: maumivu, kushindwa kula, macho ya manjano, homa na usaha. Asiye na shida muacheni mumfuatilie, nyingi hunywea zenyewe.

Ila akija mama wa makamo, hajawahi kuugua kongosho hata siku moja, sisti iko upande wa mkia, simama hapo hapo. Hiyo yaweza kuwa ya ute, yaani inayotengeneza majimaji mazito ya kuteleza, na ya ute inaweza kugeuka kansa, haiwekewi stenti (kijibomba cha kupitishia maji), hiyo ni ya kujadiliwa na wapasuaji kama itakatwa. Maji yake yakivutwa kupimwa, amilezi, kimeng'enya cha kongosho, ikiwa chini ya yuniti 250 kwa lita basi sisti bandia karibu uitoe kwenye hesabu, na sukari chini ya miligramu 50 kwa desilita inaelekeza kwenye ute. Hata ile mashine ndogo ya kupima sukari kidoleni ishajaribiwa kwa maji haya ikafanya vizuri.

Kingine, hakikisheni skani ilipigwa kwa dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani, ikaonyesha mishipa ya damu. Mshipa wa wengu ukiwa umevimba puto ndani ya sisti na mtu akatoboa, hiyo damu hamtaiweza.

Siku yenyewe kamera yenye ultrasaundi inaingia mdomoni mpaka kwenye mfuko wa chakula, daktari anatafuta mahali ambapo sisti imegusana na ukuta wa mfuko huo, nafasi isizidi milimita 10, anatoboa na kuacha stenti ili maji yamwagikie ndani ya mfuko huo wa chakula. Sisti kubwa inaweza kumwaga zaidi ya lita kwa mkupuo, kwa hivyo mgonjwa awe na mpira wa kupumulia ili yasiingie mapafuni, na saksheni, mashine ya kufyonza, iwe imeshajaribiwa, si ndo mnaanza kutafuta plagi. Gesi ya kupuliza iwe ya kaboni dioksidi, si hewa ya kawaida.

Sasa stenti. Za plastiki zinaweza kukaa muda mrefu, lakini ile pana ya chuma itolewe wiki ya 3 au ya 4, ikizidi hapo inaweza kuzama kwenye nyama au kukwaruza mshipa ikatoa damu. Na mgonjwa keshapata nafuu, yuko kwao Lungalunga anakula vizuri, haoni sababu ya kupanda matatu kuja kuwaona. Andikeni tarehe ya kutoa kwenye kadi anayoshika mwenyewe, si kwenye faili peke yake, na mchukue namba za watu wawili wa nyumbani, maana yake yeye itakuwa imezimwa.