Dereva Aketi Wapi? Majibu kuhusu Sehemu ya Ndani ya Magari Madogo ya Mashindano ya Zamani

Katika toleo lililopita tulieleza namna ya kukunja bati la kopo la soda hadi liwe bodi ya gari dogo la mashindano ya zamani. Tangu hapo, barua nyingi zilizofika mezani kwangu hapa Tabora zinauliza kuhusu ndani ya gari: viti, usukani, dashibodi na pedali. Ninafurahi, kwa sababu magari ya zamani ya mashindano mengi yalikuwa wazi juu, na mtazamaji anapoinama juu ya modeli, macho yake huenda moja kwa moja pale dereva alipoketi.

SWALI: *Ndugu mwandishi, salaam kutoka Ujiji. Ninaunda Bugatti Type 35 ya mwaka 1924 kwa skeli ya 1:24, bila seti ya kununua, kwa bati la makopo na plastiki ya ndoo iliyovunjika. Bodi imenipendeza, lakini kila nikiweka kiti na usukani, gari linafanana na mtumbwi uliopakiwa makochi ya sebuleni. Vipimo vya ndani sina, nina picha tano tu. Nianzie wapi?*

JIBU: Ndugu yangu wa Ujiji, anza na mtu. Ndani ya gari la mashindano ni mahali pa kazi, na kila kitu kiliwekwa pale ambapo mkono au mguu wa dereva ungekifikia. Skeli ya 1:24 maana yake kila kipimo cha kitu halisi unakigawa kwa 24, kwa hiyo mtu mwenye urefu wa sentimita 170 huwa na milimita 71 hivi katika skeli yako. Mchore kwenye boksi la dawa ya meno, umkate kwa wembe vipande vipande, yaani kiwiliwili pamoja na kichwa, paja, mguu wa chini, mkono wa juu na mkono wa chini, kisha uviunge kwa uzi wenye fundo kila upande ili viungo vikunjike. Mketishe ndani ya bodi kabla hujakata kiti chochote. Ukiona mabega yake yote yako nje, sakafu yako iko juu mno. Na hilo ndilo kosa ninalolikuta katika modeli nyingi zilizoundwa kwa mkono, kwa kuwa fundi hukadiria kiti kwa jicho na kusahau unene wa plastiki aliyoitandika chini yake.

Kuhusu picha zako tano, chagua ile iliyopigwa ubavuni kabisa. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika Type 35 ni milimita 2,400, kwa hiyo katika modeli yako ni milimita 100 kamili, bahati ambayo si magari mengi yanayoitoa. Tuseme umbali huo katika picha ni milimita 150: basi kila milimita ya picha ni milimita 16 za gari halisi, nawe unaweza kupima ukingo wa nafasi ya dereva, kimo cha usukani na kioo kidogo cha upepo. Kumbuka tu kwamba kitu kilicho ndani zaidi ya magurudumu ya upande wa karibu huonekana kidogo kuliko kilivyo, hivyo kiongezee kiasi. Mtu wako wa boksi atakuambia kama umeongeza kupita kiasi. Madereva wa miaka ya 1920 waliketi wima, viwiko vimekunjwa, usukani ukiwa karibu na kifua. Ukimlaza dereva wa Bugatti mikono ikiwa imenyooka, umemtoa zama zake ukampeleka miaka ya 1950.

Usukani wenyewe niliupata kwa bahati, na nimeushika tangu siku hiyo. Chukua waya wa umeme wa nyumba wa milimita moja ya mraba, uvue ganda, uuzungushe mara moja juu ya betri ndogo ya rimoti, ile ya saizi ya AA. Betri hiyo ina kipenyo cha milimita 14.5, na waya una unene wa milimita 1.1 na kitu, kwa hiyo duara lako litakuwa na milimita 16.8 hivi kwa nje, ambayo ni kama sentimita 40 za usukani halisi. Kata pale waya unapokutana, uombe risasi kidogo ya kulehemu kwa fundi redio ili kuunga, uusugue kwa msasa laini hadi kidole kisikione kiungo. Spoku nne utazikata kutoka kopo la soda kama msalaba mmoja mzima, kwa sababu vipande vinne vilivyogundishwa kimoja kimoja havitanyooka.

Dashibodi ya gari hili ina uzuri wa pekee: ni ya alumini, na uso wake umepambwa kwa viduara vidogo vinavyopandana kama magamba ya samaki. Ng'arisha kipande cha kopo upande wa ndani baada ya kuondoa utando wake kwa msasa laini. Kata kijiti cha meno kiwe na ncha bapa ya milimita moja, ugundishe juu yake kijipande cha msasa mlaini kuliko wote ulio nao, kisha ukibonyeze na kukizungusha kati ya vidole, duara baada ya duara, kila moja ikipanda nusu ya iliyotangulia, ukifuata ukingo wa rula. Mstari wa kwanza utapinda. Tupa, kata bati jingine. Kwangu ilikuwa mara ya nne ndipo mistari iliposimama sawa, na mwanga wa dirishani ulipopita juu ya lile bati nilinyamaza kwa muda.

Usisahau pampu ya mkono ya kutia hewa kwenye tangi la mafuta, wala mkono wa breki, ambao katika gari hili uko nje ya bodi upande wa kulia. Kiti cha pili nacho kiwemo. Gari hili lilishindana kwa mara ya kwanza huko Lyon, Ufaransa, mwezi Agosti 1924, na wakati huo makanika alikuwa bado akiketi kando ya dereva; kuanzia mwaka 1925 makanika hakuruhusiwa tena kupanda katika mashindano ya Grand Prix, ingawa nafasi yake iliendelea kuwamo garini.

SWALI: *Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa hapa Tabora. Nilipewa vipande vya ngozi na fundi viatu nikavalisha viti, lakini vimetoka vinene kama magodoro. Nifanyeje?*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ngozi ya kiatu yenye unene wa milimita moja, katika skeli ya 1:24, ni ngozi yenye unene wa milimita 24. Hapo ndipo ilipo siri nzima: kitu halisi mara nyingi hakifai kuigiza kitu hicho hicho, kwa kuwa unene, nyuzi na vinyweleo vyake havipungui pamoja na gari. Uzi wa kushonea nguo una unene kama wa milimita 0.2, na hiyo katika modeli ni kamba ya karibu milimita 5. Kwa hiyo mshono usishonwe, uchorwe kwa ncha ya sindano.

Kata kiti kwenye boksi gumu. Kama kiti cha asili kina mistari ya kujaza pamba, tumia kalamu ya wino iliyokwisha wino kukandamiza mifereji kila baada ya milimita 2. Kisha chukua tishu, uitenganishe tabaka zake, ubaki na tabaka moja tu, lile linalopepea ukihema karibu nalo. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji nusu kwa nusu, paka juu ya boksi, laza tishu, na ukiwa na brashi yenye umajimaji uisukume polepole iingie ndani ya kila mfereji. Usiivute, itachanika. Itakunjamana kidogo kwenye kona, na mikunjo hiyo uiache, maana ngozi iliyokaliwa hukunjamana pale pale. Ikikauka usiku kucha, paka rangi ya kahawia isiyong'aa, halafu chovya ncha ya kidole kwenye dawa ya viatu ya kahawia, uifute karibu yote kwenye kitambaa, na kile kilichobaki kidoleni ukisugue juu ya kingo za kiti. Kingo zitapata mng'ao wa ngozi iliyozoea kusuguliwa na suruali, na katikati patabaki pamefifia.

Mabaki ya ngozi usiyatupe. Yagundishe kwenye kipande cha ubao uwe unanolea wembe wako.

SWALI: *Ndugu mwandishi, nimeunda Mercedes-Benz W196 ya mwaka 1954, nikatengeneza mikanda ya usalama kwa utepe mwembamba na vifungo vya bati. Rafiki yangu anasema nimekosea. Nani mkweli? Msomaji wa Kasulu.*

JIBU: Rafiki yako, ndugu. Madereva wa Grand Prix wa miaka ya 1950 hawakujifunga mikanda, na katika Formula One mikanda ilifanywa kuwa lazima mwaka 1972. Najua inauma kubandua kazi nzuri kama hiyo. Ihifadhi kwa gari la miaka ya 1970.

Juhudi hiyo ihamishie chini. Katika W196 dereva aliketi miguu ikiwa imepanuka, kwa sababu nyumba ya klachi na shafti ilipita katikati yake, hivyo pedali ya klachi iko mbali kushoto na pedali nyingine ziko kulia. Ukizipanga tatu zikiwa jirani kama za teksi, kazi yote itapotea. Na ukija kuunda Alfa Romeo 8C ya miaka ya 1930, pedali ya mafuta iwe katikati, breki kulia. Kiti cha Mercedes kilikuwa cha kitambaa cha mirabamiraba. Kichore kwa penseli za rangi zilizochongwa vizuri juu ya tishu iliyokwisha kukauka, maana kitambaa chochote cha dukani kitakuwa na miraba mikubwa mno.

SWALI: *Mimi ni seremala wa Urambo. Mabaki ya mninga ninayo tele. Je, yanafaa kwa usukani wa mbao?*

JIBU: Kwa skeli ya 1:24, hapana. Vinyweleo vya mninga vinaonekana kwa macho, na katika usukani wa milimita 17 kinyweleo kimoja huwa ufa. Paka waya wako rangi ya manjano iliyofifia, iache ikauke, kisha pitisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa brashi iliyokaribia kukauka, na mwisho vanishi. Mninga uufanye kibao cha kuwekea modeli, hapo utang'ara.

SWALI: *Ndugu mwandishi, nilikuwa mfanyakazi wa reli hapa Kigoma, sasa nimestaafu. Naunda Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva aliyeishi hapa kwetu Tanzania na kushinda Safari Rally. Nataka ndani ionekane imetoka porini kweli. Vumbi nimelimwaga, lakini linafanana na kokoto.*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Umechagua gari ambalo nami nalipenda kuliko yote. Shankland na mwenzake Chris Rothwell walishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967, mara zote mbili kwa Peugeot 404, katika mashindano ambayo yalikuwa yakivunja magari kiasi kwamba mwaka 1963 yalimaliza saba tu. Gari lina urefu wa milimita 4,442, kwa hiyo lako, kama ni la skeli ya 1:24, liwe na milimita 185.

Kabla ya vumbi, angalia gia. Katika 404 mkono wa gia uko kwenye mhimili wa usukani, haumo sakafuni. Nimewahi kuona modeli nzuri iliyochomekewa fimbo ndefu kati ya viti kwa kuwa mtengenezaji alidhani gari la mashindano haliwezi kukosa. Tumia pini yenye kichwa kidogo. Upande wa kiti cha msoma ramani weka ramani iliyokunjwa, ya karatasi nyembamba ya sigara, na kalamu ya unywele mmoja wa waya. Watu wawili walikaa humo siku na usiku. Pande zote mbili zichakae.

Geji zichore mara nane ya ukubwa unaotakiwa, kwa wino mweusi, kisha peleka steshenari wapunguze kwa mashine ya fotokopi kwa asilimia 50 mara tatu. Namba zitabaki zinasomeka. Tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi ndiyo kioo chake.

Sasa vumbi. Punje unayoiona kwa macho ni jiwe katika skeli yako. Chukua udongo mwekundu, uukoroge katika glasi ya maji, subiri dakika moja mchanga uzame, kisha mimina yale maji machafu ya juu kwenye sahani na uyaache juani. Kitakachobaki sahanini ni unga laini kuliko poda. Uweke kwa brashi kavu katika kona za sakafu, chini ya viti, kwenye mfereji wa mlango na juu ya dashibodi karibu na kioo. Pale kisigino cha dereva kinapokaa mbele ya pedali ya mafuta usiweke kitu; pasugue hadi rangi iishe na bati litokeze, kwa sababu kisigino hicho hakikutulia tangu Nairobi hadi Dar es Salaam.

Jambo la mwisho ni paa. Niliwahi kufunga gari kama hili kwa supa gluu jioni, nikaliacha hadi asubuhi. Mvuke wa gundi ulikuwa umepanda na kutanda ukungu mweupe kwenye madirisha yote kwa ndani, na kwa kuwa paa lilikuwa limekwisha kushika, kazi ya miezi mitatu ikawa haionekani tena. Shikiza kwanza kwa vitone vya nta ya nyuki, upime kila kitu kinakaa, ubandue, uondoe nta yote, kisha gundisha madirisha na paa kwa gundi nyeupe ya mbao, na vile vilivyogundishwa kwa supa gluu huko ndani viwe vimekaa wazi angalau siku mbili kabla hujafunika.