Kupimwa kwa lazima kabla ya kupanda ndege: maswali yenu leo

Wiki iliyopita niligusia habari ya wasafiri wa kimataifa kulazimishwa kupima afya na maswali yamemiminika, na mmegawanyika kweli, wengine mnataka kila mtu apimwe bila kubembelezana, wengine mnaona ni kunyanyasana tu. Najibu machache.

Kwani kuna ubaya gani kila abiria akipimwa? Asiyeumwa anaogopa nini?

Ubaya sio kupimwa ndugu yangu, ubaya ni kukiamini kipimo kuliko uwezo wake. Kipimo kinakwambia hali ya saa ile ulipochukuliwa sampuli, ya keshokutwa hakiijui. Mwaka 2014 wakati wa Ebola kule Afrika Magharibi abiria walikuwa wanapimwa joto kabla ya kuondoka, na kuna mmoja alitoka Liberia mwezi wa 9 hana homa kabisa, akafika Dallas kule Marekani, siku chache baadae ndo akaanza kuumwa. Kipimajoto hakikukosea, Ebola inaweza kukaa mwilini siku 2 mpaka 21 bila dalili yoyote. Na Kanada wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoambukiza, mwaka 2003 walikagua mamilioni ya wasafiri kwenye viwanja vya ndege na hawakumkamata hata mgonjwa mmoja wa SARS. Kwa hiyo mtu akisema pimeni wote tuwe salama mimi namuuliza, mnapima nini, na ugonjwa wenyewe unajificha siku ngapi?

Mbona tunaolipa ni sisi? Kuna safari kipimo kilikaribia nauli.

Hapa ndo panaponiuma. Kuna Kanuni za Afya za Kimataifa za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2005, zimeanza kufanya kazi 2007, na kifungu cha 40 kinasema nchi isimtoze msafiri kwa uchunguzi wa afya inaoutaka kwa mujibu wa hizo kanuni, isipokuwa yule anayeomba ukaazi. Sasa wakati wa Covid kilichofanyika ni kwamba nchi zilidai cheti kabla hujapanda ndege, ukajitafutia maabara mwenyewe na ukalipa mwenyewe, na mama mwenye watoto wanne analipa vichwa vitano, na mtu anayewahi kumzika baba yake nae analipa na anaomba Mungu majibu yatoke kabla ndege haijaondoka. Wengi wanaoniandikia kwa hasira hawachukii kipimo jamani, wanachukia bili. Na bei ikiwa juu hivo vyeti feki vinapata soko, Europol, polisi wa Umoja wa Ulaya, walishatoa onyo la vyeti feki vya Covid Februari 2021. Msimamo wangu ni huu, serikali inayotaka nipimwe inilipie, au angalau iweke bei ya juu ambayo maabara hairuhusiwi kuivuka.

Nilishapona Covid wiki tatu nyuma, naona nimepona kabisa, ila PCR, kile kipimo cha maabara cha kutafuta kirusi, inasema bado ninayo. Wananionea?

Hawakuonei, PCR inanasa hata mabaki ya kirusi na inaweza kufanya hivo wiki kadhaa baada ya wewe kupona. Ndo maana Marekani ilipoanza kudai vipimo Januari 2021 ilikubali pia barua ya daktari kwa aliyeugua ndani ya siku 90. Sheria isiyo na mlango kama huo ni mbovu.

Ni haki kupima wanaotoka nchi fulani tu?

Kama sababu ni ugonjwa uliopo huko na bado haujasambaa kwingine, naweza kuelewa. Lakini mara nyingi hofu inatangulia. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliitangazia dunia aina mpya ya kirusi cha Covid, Omicron, na malipo yao yakawa ndege kufungiwa kusini mwa Afrika, wakati kirusi kilikuwa kishafika mabara mengine. Ukimuadhibu anayesema ukweli kesho atanyamaza. Tena kumbukeni Marekani ilizuia wageni wenye VVU tangu 1987 mpaka Januari 2010, miaka zaidi ya 20, watu wanakosa visa kwa ugonjwa ambao hauambukizwi kwa kukaa siti moja na mtu.

Kadi ya njano nayo si lazima? Mbona hamuilalamikii?

Kwa sababu inaeleweka! Unachanja homa ya manjano mara moja, cheti kinaanza kazi baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 kinakaa maisha yako yote.

Wewe ungefanyaje basi?

Ningepima majitaka ya ndege. Kweli kabisa, choo cha ndege moja kinaweza kukuonyesha kirusi gani kimesafiri bila kumsimamisha abiria hata mmoja, na Marekani tangu 2021 wanachukua pia sampuli za pua kwa wasafiri wanaojitolea wenyewe. Kumlazimisha kila mtu ningekubakiza kwa mlipuko mpya wa ugonjwa tu, tena tarehe ya mwisho iandikwe siku ileile sheria inapotangazwa.

Mama anasafiri mwezi ujao, tuangalie wapi masharti?

Ubalozi wa nchi anayokwenda na shirika lake la ndege, na msisahau nchi anayobadilishia ndege, wengi wanakwama hapo. Angalieni sasa, halafu angalieni tena siku tatu kabla ya safari.