Vasco da Gama "aligundua" Malindi au "alifika" Malindi?

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii hapa Malindi. Nikiwapeleka wanafunzi kwenye Nguzo ya Vasco da Gama huwaambia, "Mwaka 1498 Vasco da Gama aligundua Malindi." Juzi mzee mmoja alinikatiza: "Sema alifika!" Je, kosa langu ni la lugha au la historia?

JIBU: Mzee wetu amenena kweli, na kosa ni la lugha kwanza. Kugundua ni kupata kujua jambo lililokuwa halijulikani. Halijulikani na nani? Malindi ya 1498 ilikuwa na mfalme wake, na bandarini Wareno walikuta vyombo vya wafanyabiashara kutoka India. Huko nyuma, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walikwisha fika China na twiga wa kumtunukia mfalme. Mji wa namna hiyo haugunduliwi. Mgeni huufikia, huukuta, hutia nanga. Vitenzi hivi vyote tunavyo, na huniuma sana kusikia watoto wa Pwani wakifundishwa kwamba mji wao haukujulikana mpaka ulipoonwa na mgeni.

Lakini usiliogope neno lenyewe. Mwaka 2013 watafiti waliochimba kisiwani Manda, mkabala na Lamu mjini, walitangaza kwamba wamepata sarafu ya Mfalme Yongle wa China, ya karne ya 15, yenye tundu la mraba katikati. Ilikuwa imefukiwa ardhini na hakuna aliyejua kuwa ipo. Hapo sema "waligundua", au "walivumbua", bila wasiwasi. Gedi, mji wa kale uliobaki magofu karibu na Malindi, ni vingine: mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba pale mwaka 1948, wenyeji walikuwa wakiyajua magofu yale. Aliyachimba, hakuyagundua.

Na ile "aligundua njia ya India"? Ukisema njia ya baharini kutoka Ulaya, nitakukubalia, maana kabla yake hakuna Mreno aliyefika India kwa kuzunguka kusini mwa Afrika. Lakini kutoka Malindi hadi Calicut, bandari ya India, hapana. Kipande hicho alionyeshwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, katika bahari ambayo majahazi yalikuwa yakiivuka kwa kusi na kaskazi tangu zama za kale. (Rubani ni neno la baharini, ndege zimelikuta.) Kwa hiyo waambie wanafunzi: "Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa rubani, akavuka hadi India." Ile -ka- inayapanga matukio kwa zamu, na wao watasikia wenyewe nani alimsaidia nani.

Wakikuuliza jina la rubani, angalia kitenzi chako tena. Wengi humtaja Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, lakini wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Wapo wanaosema alikuwa Mgujarati, yaani mtu wa Gujarat, India. Usiseme "alikuwa Ibn Majid". Sema "husemwa kwamba alikuwa Ibn Majid", kisha uwaeleze kwa nini umesema "husemwa".