Kwani mpaka Mwanza ni saa ngapi?

Shikamoo shangazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema ndege inaruka jioni, kukicha mtu ameshafika, sasa mbona sikuja kumzika baba mkubwa? Nitakujibu bila kuficha, maana najua na binamu zangu pale Kirumba wanauliza hivyohivyo, ila wao wananisemea pembeni.

Toronto hadi Mwanza, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 12,000. Ingekuwepo ndege ya moja kwa moja, saa 14 zingetosha. Haipo. Safari ile ya mwisho niliondoka Ijumaa saa nne usiku. Saa kumi angani mpaka Istanbul, nikashinda pale nikitazama viatu vya watu, halafu saa saba nyingine mpaka Dar. Nikatua usiku wa manane, nikalala kwenye viti nimekumbatia begi nikisubiri ndege ya asubuhi. Dar hadi Mwanza haifiki saa moja na nusu, na ndicho kipande pekee ninachokipenda: ukishaona ziwa na yale mawe dirishani, uchovu wote kwisha. Nyumbani Sengerema ni ng'ambo ya ziwa, na wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, nikapanga foleni ya kivuko na jua la utosi. Sengerema nikaingia Jumapili alasiri. Na hapo hakuna ndege iliyochelewa! Kurudi ni kurefu zaidi, kwa sababu ndege ikielekea magharibi inapigana na upepo.

Baba mkubwa amefariki Jumanne usiku, mmezika Alhamisi. Hata ningetoka Jumatano ileile, ningekuta mnakunja maturubai.

Lakini nisikudanganye kuwa ni umbali tu. Kazini nilisema nimefiwa na baba. Msimamizi akauliza, baba mzazi? Nikamwambia kaka yake baba. Basi, kwao huyo ni mjomba tu, kama kaka wa mama, hana jina lake. Sheria ya Ontario, jimbo ilipo Toronto, inatoa siku 2 za msiba kwa mwaka, bila malipo, na mjomba hahesabiwi ila awe alikuwa anakutegemea wewe. Shangazi, mimi ndiye niliyemtegemea yeye. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye dagaa wake wa soko la Mwaloni. Hilo sikuwa na pa kulijaza kwenye fomu.

Na tiketi ya kukata leo usafiri kesho bei yake haishikiki. Nilikuwa na nusu. Ndiyo ile mliyoipokea kwenye simu Jumatano asubuhi, ya ng'ombe.

Desemba nimeomba wiki mbili, siku nne kati ya hizo zitaliwa na njia. Nitapita kaburini kwanza. Samaki wa kunipokea, wale sato, usiwaweke jikoni mpaka nikupigie nikiwa darajani.